Somo: Kukagua haidroliki ya ndege (mafuta yenye presha yanayosukuma breki, flapu na magurudumu), anza na kitambaa

Wanafunzi wengi wakifika kwenye ndege huwasha tochi. Mimi huanza na kitambaa, maana penye mafuta ya jana huwezi kujua kinachovuja leo.

Hatua ya 1. Fungua kitabu cha matengenezo cha ndege hiyohiyo. Weka pini za magurudumu, toa presha, na acha kibao cha onyo chumbani kwa rubani. Ndege nyingi kubwa hutumia presha ya psi 3,000 (pauni kwa kila inchi ya mraba). Airbus A380 na Boeing 787 ni 5,000. Flapu, kile kibao cha nyuma ya bawa, ikisogea mkono wako ukiwa ndani, vidole hivyo huna tena.

Hatua ya 2. Tambua mafuta. Skydrol, mafuta ya haidroliki ya ndege nyingi kubwa, ni ya zambarau, inababua rangi ya ndege na inawasha macho vibaya. Breki za Cessna Caravan, ndege ndogo, zinatumia mafuta mekundu ya madini. Usichanganye kamwe: sili (vizuizi vya mpira vya kuzuia uvujaji) za huku zinaharibiwa na mafuta ya kule.

Hatua ya 3, ndiyo yenye kazi. Futa kila kiungo kikauke, rudisha presha, subiri, kisha pita tena. Angalia mpira wa breki pale unapojikunja. Sogeza klampu, kile kibanio cha paipu, kidogo uone kama paipu imesuguliwa. Utaona mstari unaong'aa kama sarafu mpya. Tundu dogo usilitafute kwa kupapasa, mafuta ya presha hiyo hupenya ngozi. Pitisha kipande cha kadibodi.

Hatua ya 4. Kitufe chekundu cha filta (chujio la mafuta) kikichomoza, yaani filta imeziba, usikibonyeze tu ukaondoka. Toa filta, mwaga mafuta yake kwenye kitambaa cheupe. Ukiona chembe za chuma, shuku pampu.

MASWALI

Mwalimu, ndege ina mifumo mitatu ya haidroliki. Mmoja ukivuja si miwili inatosha?

Tarehe 19 Julai 1989, DC-10 ya United, safari namba 232, ilipasuka diski ya feni ya injini ya mkiani. Vipande vikaharibu paipu za mifumo yote mitatu. Kati ya watu 296, walikufa 112 huko Sioux City, Marekani. Ile diski ilikuwa na ufa, na ukaguzi haukuuona.

Shikamoo mwalimu. Tone moja tu, niandike?

Marahaba. Andika. Kisha shika saa, hesabu matone kwa dakika, linganisha na kitabu. Sili ya kifaa kinachotembea mara nyingi huruhusiwa kulowa kidogo. Kiungo cha paipu ni habari nyingine.

Nikikaza nati kidogo si inaisha?

Si ikiwa na presha, na si kwa kukisia nguvu. Mdomo wa paipu hupasuka. Nilipokuwa kijana niliikaza moja hivyo. Jioni ilikuwa kavu kabisa, nikaenda kulala nimeridhika. Asubuhi nikakuta dimbwi jekundu chini ya tairi.