SOMO: Jinsi ya kumtafuta babu anayeitwa Juma

Wakuu, habari zenu. Mwezi huu peke yake nimeulizwa mara tisa: "Babu yangu aliitwa Juma Hamisi, nitaupataje ukoo wake?" Nimechoka kurudia. Naandika mara moja hapa, na atakayeniuliza tena faraghani nitamrudisha hapahapa.

Tuelewane kwanza. Juma, Hamisi, Salum, Rashidi, Shabani, Ramadhani si majina ya ukoo. Ni majina ya watu. La pili ni la baba, la tatu la babu, na kila kizazi kikizaliwa mnyororo ulikuwa unasogea hatua moja. Kisha ikaja shule, ikaja pasipoti, jina la tatu likagandishwa pale lilipokutwa. Ndiyo maana wewe na jirani yako wote mnaitwa akina Juma na hamna hata shangazi mmoja mnayemchangia. Anayetafuta "ukoo wa Juma" anatafuta ukoo wa watu waliozaliwa siku ya Ijumaa.

Hatua ya 1. Nunua daftari. Andika unachokijua na nani alikwambia.

Hatua ya 2. Nenda kwa wazee walio hai, ukianza na mkongwe kuliko wote. Wiki hii, si Idi ijayo.

Hatua ya 3. Uliza maswali yanayojibika. Ukimuuliza bibi "ukoo wetu ni upi?" atakujibu "sisi ni watu wa hapahapa", mtakunywa chai, utaondoka. Muulize vitu alivyoviona kwa macho. Babu akikasirika alitukana kwa lugha gani? Alipokuwa anahesabu pesa, midomo ilisema nini? Alikuwa na chale usoni, meno yalichongwa? Alikula nini ambacho hapa hawali, na alikataa nini? Msibani kwake, nani walikuja kufanya utani wakadai walipwe? Hili la watani msilidharau. Mngoni na Mhehe walichinjana karne ya kumi na tisa, leo ni watani, na mtani haji kwenye msiba wa mtu asiyemhusu. Kwetu Korogwe babu alijulikana kama Mswahili tu. Ila bibi alikumbuka mwanamume mmoja wa Kihehe aliyelala ndani ya kaburi lililokwishachimbwa akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Kuku yule ndiye aliyetupeleka Songea, kwa Wangoni.

Hatua ya 4. Funga miaka kwa matukio. Wazee hawakumbuki mwaka, wanakumbuka kilichotokea. Maji Maji ni 1905 hadi 1907. Vita vya kwanza ni 1914 hadi 1918, na mara tu baada yake ikaja ile homa iliyoua watu dunia nzima. Vita vya Hitla viliisha 1945. Uliza: "Wakati wa Hitla babu alikuwa na mke? Alikuwa na mtoto?" Umri wa kwenye karatasi ukadirie upya mwenyewe. Ukikuta mtu kazaliwa tarehe 1 Januari, shuku karani.

Hatua ya 5. Orodhesha tahajia zote: Hamisi, Khamis, Khamisi, Athumani, Othman, Salum, Salim, Ally, Ali. Kwa majirani wetu wa Kongo na Burundi, Juma huandikwa Djuma.

Hatua ya 6. Usimkumbatie Juma wa kwanza unayemwona. Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo someni polepole.

Babu yangu naye tulimjua kama Juma Hamisi, na baba aliwahi kumsikia akisema "nilipita Kilwa". Nikaenda Kilwa Kivinje. Siku ya pili nikakutana na familia ambayo Juma Hamisi wao aliondoka ujanani kwenda mkonge Tanga, hakurudi. Jina lilelile, safari ileile, miaka inakaribiana. Nikapiga simu nyumbani, baba akalia. Wakatuchinjia mbuzi. Nikawaingiza watu thelathini na mbili kwenye kundi la WhatsApp la "ukoo". Binti yao alipoolewa tulichanga.

Mwaka uliofuata nilikuwa namenya mihogo na bibi mdogo, mke wa pili wa babu, nikamsimulia ya Kilwa kwa mara ya kumi. Akaniambia, bila hata kuinua kichwa: "Lakini babu yako hakuwa Juma. Juma alipewa shambani, alifika siku ya Ijumaa. Hamisi alikuwa nyapara wao." Nikaacha kisu. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema: "Hukuniuliza jina, uliniuliza ukoo."

Babu alikuwa manamba. Wasiojua: vijana walikusanywa kutoka mbali, Songea, Kigoma, Njombe, mpaka Burundi na Msumbiji, wakapelekwa mashamba ya mkonge, na huko mtu alijulikana kwa namba. Kuanzia 1944 kulikuwa na ofisi maalumu ya kuwakusanya, SILABU. Ulipewa kipande, yaani kadi ya kazi ya siku thelathini, unakimaliza ndani ya siku arobaini na mbili, ndipo ulipwe. Karani mwenye foleni ya watu mia hana haja na jina la ukoo wako la Kingoni. Anaandika linalomwingia sikioni, au anakupa lake. Na vijana wengine walisilimu hukohuko wakachukua jina jipya kwa hiari yao.

Watu wa Kilwa niliwaendea mwenyewe kuwaambia. Hawakukasirika, na mpaka leo tunaalikana. Lakini Juma wao hajapatikana, na mimi niliwapa matumaini ya uongo kwa mwaka mzima. Hilo linaniuma kuliko nauli.

Kwa hiyo: jina likilingana, hujapata kitu. Nataka vitu vitatu visivyo jina lake vilingane, mathalani kijiji, jina la mama, na jina la ndugu, au kovu, au kazi. Cha pili, tafuta kinachokataa. Uliza makusudi swali ambalo jibu lake linaweza kuvunja hadithi yako. Mimi sikumuuliza mtu wa Kilwa kama Juma wao aliwahi kubatizwa, maana wetu alibatizwa, mtaona Hatua ya 7. Ningeuliza, ningeokoa mbuzi. Cha tatu, USIMWAMBIE MZEE jina unalotaka kusikia. Ukisema "babu aliitwa Juma wa Kilwa, siyo?" atasema ndiyo kwa adabu tu. Na mwisho, usiunde kundi la WhatsApp.

Hatua ya 7. Karatasi. Cheti cha kuzaliwa cha babu usikitafute, karibu hakika hakipo. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ya Tanganyika ni ya 1920, lakini kwa miaka mingi haikumbana Mwafrika. Mahali pa kwanza ni vitabu vya ubatizo. Hata kama ninyi leo ni Waislamu, ulizeni kama babu alipita misheni. Peramiho ilianza 1898, Bagamoyo 1868, na kitabu cha Wakatoliki kina faida moja kubwa: pembeni ya ubatizo huandikwa ndoa, hata kama mtu alioa parokia nyingine. Nenda na barua, nenda siku ya kazi, usimvizie paroko baada ya misa. Mimi babu nilimpata kwenye parokia moja ya Songea vijijini, jina la baba yake na la ukoo kwa wino wa bluu uliogeuka kahawia, na pembeni palipopaswa kuwa na ndoa pako wazi. Aliondoka kabla hajaoa.

Baada ya hapo Nyaraka za Taifa, Dar, na kwa Zanzibar zile za Kilimani. Mafaili ya Mjerumani ni ya Kijerumani kweli, tena mengi kwa mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo unamtoa jasho.

Hatua ya 8. Nenda kijijini. Chukua sukari na sabuni.

---

MASWALI

KidumeMbagala: Mkuu somo zuri. Babu anaitwa Ramadhani, aliishi Tanga. Naomba unitafutie ukoo.

Jibu: Hatua ya 1.

KidumeMbagala: Si ungenisaidia tu kwa uzoefu wako?

Jibu: Ramadhani gani, Tanga ipi, mwaka gani, mkewe nani, kazi gani? Ukishajua matano hayo hutanihitaji.

Tech_Boy: Haya yote ya nini, si unapima DNA tu, mate kwenye kichupa?

Jibu: Kipimo kinakulinganisha na waliopima. Binamu zako wa Songea wamepima? Basi utaambiwa wewe ni mtu wa Afrika Mashariki, jambo ambalo kioo kingekwambia bure.

Sharifa_wa_Mji: Tatizo lenu watu wa bara hamna nasaba. Sisi pwani nisba, yaani jina la ukoo, inajieleza yenyewe, mtu akiwa Mazrui ni Mazrui.

Jibu: Dada, shikamoo, ila taratibu. Wamazrui waliitawala Mombasa mpaka 1837, na nyumba kubwa kama zile zilikuwa na watoto wa damu, wakwe, waliolelewa, na waliokuwa watumwa kisha wakaachwa huru. Wengi kati ya hao walibaki na jina la nyumba. Nisba inakuonyesha mlango. Nani alizaliwa ndani na nani aliingia, haikwambii. Hatua ya 6 inawahusu na ninyi.

Sharifa_wa_Mji: Sijasema sisi bora. Nimesema tuna jina.

Jibu: Sawa. Nimekuelewa, na mimi nilijibu kwa ukali.

BintiBagamoyo: Shikamoo kaka. Baba wa babu yangu aliitwa Mabruki bin Feruzi. Nikiuliza nyumbani wazee wananyamaza kabisa, shangazi mmoja aliondoka sebuleni. Nahisi najua sababu, lakini sitaki kuwaumiza. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba dada. Swali lako ndilo bora kuliko yote hapa. Majina kama Mabruki, Feruzi na Almasi yalikuwa mengi miongoni mwa watumwa wa pwani, lakini jina peke yake si ushahidi, waungwana nao waliyatumia. Usiulize utumwa. Uliza shamba: walilima kwa nani, nazi za nani, walizikwa upande gani wa makaburi. Majibu yatakuja yenyewe, au hayatakuja, na uyaheshimu.

Upande wa karatasi una nafasi kwako kuliko nilivyokuwa nayo mimi. Wajerumani walitoa hati za uhuru kwa maelfu ya watu, na waliamuru kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa kuanzia 1906 azaliwe huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Mwingereza. Kwa Unguja ni 1897. Kwa hiyo ukijua Mabruki alizaliwa lini, unajua uangalie upande upi wa mstari. Misheni ya Bagamoyo nayo ililea waliokombolewa, anza na vitabu vyao. Na shangazi aliyeondoka sebuleni, mpelekee kitu siku nyingine, peke yako, usiulize chochote. Anajua wewe ndiye unayetaka kujua. Atakuita.

BintiBagamoyo: Nashukuru sana. Sikuwahi kufikiria upande wa makaburi.

Kamau_Nyeri: Sasa wadau, huku kwetu kwa Wakikuyu shida ni kinyume. Kijana wa kwanza anaitwa jina la babake baba, wa pili la babake mama. Kwa hivyo Kamau anamzaa Njoroge, Njoroge anamzaa Kamau. Ukipata Kamau wa Njoroge kwa rekodi, hujui ni wa kizazi gani, mjukuu au babu mwenyewe.

Jibu: Na mnawatenganishaje?

Kamau_Nyeri: Kwa riika, wale walitahiriwa mwaka mmoja. Kila riika ina jina la kitu kilitokea mwaka huo. Mzee akikwambia riika ya babu, umepata mwaka bila cheti. Tena dada za babu wanasaidia: msichana wa kwanza ni nyanya mzaa baba, wa pili ni mzaa mama. Ukipanga watoto wote kwa mstari, unasoma majina ya wazazi wa pande zote mbili. Ongezea kipande cha mkoloni, kitambulisho ile wanaume walibeba shingoni kwa kikopo cha chuma. Kama imebaki kwa sanduku ya mtu, usiioshe.

Jibu: Hili nalichukua. Kuwapanga watoto wote kwa mpangilio wa kuzaliwa kunasaidia hata huku, kwa sababu wengi tunarithisha majina ya bibi na babu ila hatuna kanuni kali kama yenu.

KidumeMbagala: Mkuu nimerudi. Nimempigia bibi. Babu Ramadhani alikuwa fundi wa mashine ya kuchambua mkonge, Muheza. Anasema alikuwa anahesabu kwa lugha ambayo hawakuijua, moja yake ilianza na "li". Mkewe wa kwanza alifia kwenye nyumba za wafanyakazi. Sauti nimeirekodi.

Jibu: Umeona? Hayo ni mambo matatu kwa simu moja. Hiyo sauti itume kwenye simu mbili nyingine leo hii, yako ikiibiwa kwenye daladala bibi hatarudia kwa utamu uleule. Kisha mrudie umwombe ahesabu moja mpaka kumi kama alivyomsikia, hata akikosea. Ipeleke kwa mtu wa Kigoma, mtu wa Songea, Mmakonde na Myao, mmoja mmoja, bila kuwaambia wengine wamesema nini.

KidumeMbagala: Kaburi la mkewe lipo, lina saruji na maandishi yamefutika. Nimesikia watu wanapaka unga ndipo yasomeke.

Jibu: Unga unaleta sisimizi na kuvu. Nenda jioni jua likiwa chini, au usiku na tochi ya simu, ulimulike kaburi kutoka ubavuni. Kivuli kitajaza herufi.

BintiBagamoyo: Na chaki?

Jibu: Chaki hapana. Maji na brashi laini tu, tena uombe ruhusa kwa mwenye makaburi kwanza.