Mradi wa bembelezi kwa shahada ya kwanza: kutoka swali hadi matini iliyohaririwa

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa Kiswahili, fasihi, sanaa za maonyesho au historia anayetaka kukusanya nyimbo za kubembelezea watoto na kuziandikia tasnifu, au kuzigeuza mradi wa ubunifu. Bembelezi zinafaa muhula mmoja kwa sababu ni fupi, zinaimbwa mwaka mzima, na karibu kila nyumba ina mtu anayezijua. Nyimbo za unyago na jando zina miiko ya nani asikie nini, na mwanafunzi mwenye wiki 15 hana muda wa kuaminiwa mpaka aruhusiwe kuzichapisha. Tafadhali ziache.

Jambo moja litangulie: matini ndiyo mradi wenyewe. Wengi hutumia wiki nane kwenye utangulizi na mapitio ya maandiko, kisha wanaandika nyimbo kwa usiku mmoja. Msimamizi akifungua kiambatisho anakuta mistari iliyosafishwa, isiyo na tarehe wala mwimbaji, na hakuna uchambuzi unaoweza kusimama juu yake.

Hatua ya 1: Swali linalojibiwa na nyimbo

Mada ya aina ya “Dhima ya bembelezi katika jamii ya fulani” ina jibu kabla hujatoka chuoni: kuelimisha, kuburudisha, kuonya, kutunza utamaduni. Ukienda uwandani na jibu hilo, utarudi nalo.

Uliza kitu ambacho matini pekee inaweza kukijibu. Kwa mfano: mwimbaji akiimba wimbo uleule mara mbili, nini hubadilika na nini hakiguswi? Jina la mtoto huingizwaje katika mstari ambao tayari una idadi yake ya silabi? Baba na mama hutajwa wakiwa wapi, na ndugu gani hawatajwi kabisa? Maswali haya yanahitaji nyimbo 12 hadi 20 kutoka kwa waimbaji wanne hadi sita, kila wimbo ukiimbwa mara mbili kwa siku tofauti. Zaidi ya hapo hutamaliza kuziandika.

Usichague nadharia sasa. Sikiliza kwanza. Ukiona mafungu yaleyale ya maneno yanarudi kwa waimbaji tofauti, kazi ya Milman Parry na Albert Lord, watafiti wa Marekani wa ushairi simulizi, iliyoanza kwa kurekodi waimbaji wa Yugoslavia miaka ya 1930, itakusaidia. Ukiona kazi za nyumbani na mgawanyo wake zinatawala, nadharia za jinsia zitafaa zaidi.

Hatua ya 2: Vibali na ridhaa

Anza wiki ya kwanza, kwa sababu karatasi hutembea polepole. Tanzania Bara, njia ya kawaida ni barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wa Wilaya, kisha Mtendaji wa Kata na wa kijiji au mtaa. Beba nakala za ziada za barua, maana kila ofisi hubaki na yake. Kenya utahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, halafu ujitambulishe kwa chifu au naibu wake.

Ridhaa ya mwimbaji ni suala jingine, na barua ya mkoa haiwezi kuchukua nafasi yake. Uliza mambo manne, kila moja peke yake:

- Naweza kukurekodi?
- Jina lako liandikwe au nitumie alama?
- Sauti ihifadhiwe chuoni baada ya mimi kumaliza?
- Naweza kuiweka mtandaoni?

Mtu anaweza kukubali matatu na kukataa la nne. Ukiyaunganisha kuwa swali moja utapata “ndiyo” isiyo na maana. Asiyesoma aulizwe kwa mdomo, na majibu yake yarekodiwe. Usifiche jina bila kuuliza: mwimbaji ni msanii, na wapo wanaotaka sana watajwe. Mtoto akiwepo, mzazi wake naye aridhie.

Usilipe kwa idadi ya nyimbo. Ukilipa hivyo utaletewa nyimbo za redioni na vipande vilivyounganishwa papo hapo ili hesabu ipande. Sukari, sabuni au nauli, kwa kiwango kimoja kwa wote, aliyeimba mbili na aliyeimba kumi, ni heshima inayoeleweka.

Hatua ya 3: Kurekodi kwa simu

Simu ya kawaida inatosha ukiitayarisha. Weka programu ya kurekodi inayohifadhi kwa WAV (faili ya sauti isiyobanwa), sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 16, chaneli moja. Dakika moja itachukua karibu megabaiti 6, saa nzima kama 350. Acha nafasi ya gigabaiti mbili kabla ya kutoka nyumbani. Washa hali ya ndege: simu ikiita katikati ya wimbo, programu nyingi hukata rekodi bila kukuarifu.

Simu iwe sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isipige kipaza sauti, juu ya kanga iliyokunjwa na si juu ya meza tupu. Rekodi jaribio la nusu dakika na ulisikilize kwa hedifoni. Kilele cha sauti kikae kati ya desibeli -12 na -6. Sauti iliyopasuka kwa kuzidi haitengenezeki tena, ila iliyo ndogo kidogo hupandishwa. Zima feni. Mvua ikianza kupiga bati, simama na usubiri.

Mwanzoni mwa kila faili sema tarehe, mahali, alama ya mwimbaji na namba ya wimbo. Mwishoni acha nusu dakika ya ukimya wa chumba. Audacity, programu ya kuhariri sauti, huitumia kupima mvumo wa nyuma na kuupunguza. Ipe faili jina papo hapo, mfano 2025-07-14_M03_W02_a.wav: mwimbaji wa tatu, wimbo wa pili, uimbaji wa kwanza.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kumtumia mwenzako rekodi kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, kisha kuifuta kwenye simu. WhatsApp huibana sauti, na konsonanti laini zinapotea. Ikibidi, itume kama dokumenti. Kila jioni weka nakala tatu: kompyuta, flashi na hifadhi ya mtandaoni. Usifute chochote kwenye simu mpaka umefungua kila nakala na kuisikiliza.

Sasa jambo lenye uzito kuliko vifaa. Bibi anayeombwa kuimba bembelezi mchana, mikono mitupu, mbele ya mgeni mwenye simu, atatoa beti mbili na kusema basi. Wimbo huu hurefuka kwa sababu mtoto hajalala. Panga urekodi saa ambayo mtoto analazwa kweli, ama mwimbaji ampakate mjukuu. Yote mawili yasipowezekana, andika kwamba uimbaji ulikuwa wa kuombwa, na usilinganishe urefu wake na wa wale waliokuwa na mtoto. Usiulize maana kabla hajaimba, kwa kuwa ataanza kuimba ile maana aliyokueleza. Baada ya wimbo uliza alijifunza kwa nani, wapi, na kama kuna mistari anayoiacha.

Hatua ya 4: Kuandika kinachosikika

Anza siku ileile. Kwa asiyezoea, dakika moja ya wimbo huchukua dakika 30 au zaidi kuiandika vizuri, hivyo usijipangie zaidi ya nyimbo mbili kwa siku. Tumia ELAN, programu ya bure kutoka Taasisi ya Max Planck mjini Nijmegen, Uholanzi. Inaunganisha kila mstari na mahali pake kwenye sauti, na inakuruhusu kuwa na safu kadhaa za maandishi. Ukibadilisha jina la faili ya sauti baadaye, ELAN haitaiona mpaka uionyeshe upya, kwa hiyo majina yakamilike kabla ya kuanza. Sehemu ngumu ipunguzie kasi bila kuifanya sauti iwe nzito.

Tengeneza safu tatu:

1. Ilivyosikika, pamoja na marudio, vikohozi, maneno ya kumnyamazisha mtoto katikati ya wimbo, na mahali palipositishwa.
2. Kiswahili sanifu, pale tu ambapo msomaji atakwama.
3. Tafsiri, kama wimbo ni wa Kisukuma, Kihaya, Kidigo au lugha nyingine: kwanza neno kwa neno, kisha tafsiri huru.

Safu ya kwanza haisahihishwi kamwe. Ukisikia “mutoto” andika “mutoto”. Silabi hazijaongezeka, kwa kuwa m ya “mtoto” tayari ni silabi, lakini irabu ile inaonyesha kwamba noti ilikuwa ndefu kiasi cha kuhitaji kitu cha kuishikilia. Mwimbaji wa Mombasa akisema “mato”, usimwandikie “macho”. Mstari unaofuata unaweza kuishia na “moto”, na kwa kumsahihisha umeua kina chake, halafu kwenye uchambuzi utadai kwamba bembelezi hazina vina. Usiposikia neno, weka [?] na muda wake, mfano [? 0:42]. Kubahatisha neno ni kutunga wimbo na kumsingizia mwimbaji.

Kisha mrudie mwimbaji na matini. Msomee, au mchezee sauti mstari kwa mstari. Atakachosahihisha kiweke kwenye maelezo, na safu ya kwanza ibaki ilivyo. Tofauti kati ya alichoimba na anachosema kuwa “ndio wimbo wenyewe” ni data nzuri mno.

Hatua ya 5: Kulinganisha na kuchambua

Weka uimbaji wa kwanza na wa pili kwenye jedwali, mstari mkabala na mstari. Tia alama nne tu: kilichoongezwa, kilichoachwa, kilichobadilishwa, kilichohamishwa. Hesabu mizani, yaani silabi, za kila mstari.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya maelezo haya:

Uimbaji a: Lala mwanangu lala / Mama kenda sokoni
Uimbaji b: Lala Rehema lala / Baba kenda baharini

Mstari wa kwanza una mizani saba mara zote mbili, kwa kuwa “mwanangu” na “Rehema” zote ni silabi tatu. Mtoto akiitwa Juma pengo hutokea, na huzibwa kwa neno dogo: “Lala we Juma lala”. Mwenye jina refu kama Abdulrahmani ama atafupishwa, ama mstari utavunjika. Kusanya majina yote yaliyoimbwa, yapange kwa idadi ya silabi, angalia kila kundi limetendewaje. Hiyo peke yake ni sura ya nne kamili, yaani sura ya uchambuzi. Mstari wa pili umetoka mizani saba hadi nane, na mwimbaji amebana silabi mbili ndani ya pigo moja. Rudi kwenye sauti utafute zipi, uandike muda wake.

Kila dai liwe na namba ya wimbo na ya mstari. “Nyimbo nyingi zinamtaja mama” haitoshi. Andika mama anatajwa katika nyimbo ngapi kati ya zote, zipi, akifanya nini, na zipi hazimtaji. Nyimbo zinazokwenda kinyume na hoja yako ziingie kwenye maandishi makuu. Mtahini mzuri huzitafuta kwenye kiambatisho, na asipoona umezigusa, swali lake la kwanza litakuwa hilo.

Andika sura ya nne kabla ya ya kwanza. Utangulizi na mapitio ya maandiko huandikika haraka ukishajua umepata nini, na utajua maandiko yapi ya kuacha.

Hatua ya 6: Ukitaka kazi ya ubunifu

Idara inayoruhusu mradi wa ubunifu itataka kazi pamoja na maelezo yake. Onyesho la dakika kumi au kijitabu cha nyimbo nane chenye sauti kinatosha. Tenganisha waziwazi kilichokusanywa na ulichotunga: mistari yako iwe na alama yake, na programu ya onyesho imtaje mwimbaji aliyeridhia kutajwa. Ukibadilisha ala au mwendo, eleza sababu kwa sentensi chache. Sheria zinagusa jambo hili: Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda sanaa za jadi, na Kenya ina sheria ya 2016 kuhusu maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Ukipanga kuuza au kurusha mtandaoni, uliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au ofisi husika ya nchi yako mapema.

Hatua ya 7: Kukabidhi

Chuoni peleka tasnifu, faili za WAV, faili za ELAN zenye kiambishi .eaf, matini kwa PDF, na jedwali moja la taarifa: alama ya faili, tarehe, mahali, umri wa mwimbaji kwa makadirio, lugha, mazingira ya uimbaji, na majibu yake ya ridhaa. Majina halisi ya walioomba kufichwa yakae kwenye karatasi ya peke yake, nje ya folda hiyo.

Kwa waimbaji, peleka matini iliyochapwa kwa herufi kubwa, ukubwa wa 16 au zaidi, na sauti kwenye kadi ya kumbukumbu. Hapo badilisha WAV kuwa MP3, kwa sababu huenda simu ya kitochi isicheze WAV. Ijaribu kadi hiyo kwenye simu ya mwimbaji mwenyewe kabla ya kuaga.