Jinsi ya kulinganisha rekodi za Requiem ya Mozart bila kuchanganyikiwa

Ukiingia YouTube kutafuta Requiem ya Mozart, yaani misa yake ya kuombea marehemu, unakuta rekodi lundo, unabonyeza ya kwanza, unaipenda, basi hiyo ndo inakuwa yenyewe na zingine zote zinasikika kama zimekosea. Mi nilianza hivyohivyo. Nilikuwa na ya kondakta Karl Böhm ya mwaka 1971 na Vienna Philharmonic, nzito, ya polepole, inazidi saa nzima, halafu siku moja nikakutana na ya John Eliot Gardiner ya 1986 ambayo haifiki hata dakika 50, nikajua tu wamekata vipande. Wala hawajakata kitu, sehemu ni zilezile, mwendo tu ndo tofauti. Toka hapo nikajifunza kusikiliza kwa utaratibu, na ndo huu.

Kabla hujacheza chochote angalia kwanza ni toleo la nani, maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Mozart alifariki Vienna tarehe 5 Desemba 1791 misa haijaisha. Alichokamilisha chote na okestra yake ni ile sehemu ya mwanzo tu, Introitus, na sehemu za kuanzia Kyrie mpaka Hostias aliacha sauti za kwaya na mstari wa besi na vidokezo vya vyombo hapa na pale, na kwenye sehemu ya Lacrimosa mwandiko wake unaishia baa ya 8 (baa ni kipande kifupi cha mapigo). Kazi ilikuwa imeagizwa kisirisiri na kabaila mmoja, Franz von Walsegg, aliyekuwa amefiwa na mke wake, kwa hiyo mjane wa Mozart, Constanze, alihitaji imalizwe ili hela ilipwe, na aliyeimalizia ni mwanafunzi wa Mozart, Franz Xaver Süssmayr. Hilo ndo toleo la Böhm, ndo la Gardiner. Lakini karne ya 20 wakatokea watu wa kumsahihisha Süssmayr. Franz Beyer alisafisha okestra, ndo toleo walilotumia makondakta Harnoncourt na Bernstein. Richard Maunder akaenda mbali zaidi, akaondoa Sanctus na Benedictus kabisa, utaisikia kwa Christopher Hogwood ya 1983. Robert Levin yeye akabakiza vyote ila akavitengeneza upya, msikilize Charles Mackerras na Scottish Chamber Orchestra. Maunder na Levin wote wameweka fuga ya Amen (fuga ni sauti zinazoingia kwa zamu na wimbo uleule) baada ya Lacrimosa, imetokana na karatasi ya Mozart mwenyewe iliyogunduliwa miaka ya 1960, kwa hiyo ukisikia kwaya imeanza kufukuzana Amen Amen usidhani simu imeruka wimbo. Na usimlaumu kondakta kwa nota ambazo sio zake, hilo kosa naliona sana.

Halafu sawazisha sauti. Rekodi ikiwa juu kidogo tu sikio linakudanganya kwamba ni nzuri zaidi, kwa hiyo tumia hedfoni zilezile, simu ileile, na uishushe ile inayopiga kelele mpaka zilingane.

Sasa usisikilize misa nzima mara tano, utachoka na utasahau ulichosikia. Chagua sehemu nne hivi, shika maneno mkononi, urukeruke kati ya rekodi mbili au tatu.

Anza na Introitus. Maneno yake unayajua hata kama hujui Kilatini, ni ile ile "Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie" tunayosali msibani, na ukiisikiliza ukiwa na hilo kichwani kila kitu kinabadilika. Vinaanza vyombo vya kupuliza, basset horn (aina ya klarineti ya sauti nzito) na bassoon, vinapishana taratibu, hamna filimbi wala obo kwenye misa hii nzima na ndo maana ina ule weusi wake. Kisha wanaingia besi, tena, alto, soprano, kila mmoja kwa zamu. Jiulize: hao besi wanaingia kama watu wanaoomba au kama watu wanaotangaza?

Kyrie ifuatie hapohapo. Ni fuga ya hoja mbili, yaani vijiwimbo viwili vinavyofukuzana pamoja, besi wana Kyrie eleison, alto wanajibu Christe eleison, na njia rahisi ya kupima kwaya ni hii, fuata alto peke yao toka mwanzo mpaka mwisho. Ukiwapoteza njiani, basi ama kwaya ni kubwa mno ama mwangwi wa ukumbi umewameza. Kwa Gardiner na Monteverdi Choir alto huwapotezi.

Confutatis ndo kipimo changu kikubwa. Wanaume wanaunguruma kuhusu waliolaaniwa na moto, halafu wanawake, taratibu sana, voca me, niite. Kwenye rekodi dhaifu wanawake wanaimba kwa kupunguza sauti tu, kwenye rekodi nzuri unasikia mtu anaomba kweli. Kwa Hogwood hapo utasikia wavulana, kwa sababu sauti za juu za kwaya ameziweka za watoto, ni ubaridi fulani safi ambao wengine hawaupendi, mi naupenda. Mwisho Lacrimosa, zile baa 8 tu, soprano wanavyopanda hatua kwa hatua, angalia kama kondakta anawaachia wapande au anawasukuma.

Mambo mawili madogo yatakushtua njiani. Wanaotumia vyombo vya kizamani wanashusha tuni, nota ya A inakuwa kama hertz 430 badala ya 440, kwa hiyo ukijaribu kufuata na kinanda chako utaona wamepotea, hawajapotea. Na kwaya nyingi za Ujerumani na Austria zinatamka Kilatini cha kwao, luceat inakuwa lutseat, qui inakuwa kvi, sisi tuliozoea Kilatini cha Kiroma tunasikia lucheat.

Rekodi mbili usiziweke kwenye mizani ya kawaida. Ya Georg Solti ni misa ya kweli, Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano Vienna, tarehe 5 Desemba 1991, miaka 200 kamili, na sala za padri zimo ndani. Ya Leonard Bernstein ya 1988 aliifanya kumkumbuka mke wake Felicia, ni ya polepole kweli, na ukijua hivyo huwezi kumwambia aharakishe.

Ukimaliza andika maneno machache, kaa siku mbili, kisha rudia ukianza na ile uliyoisikiliza mwisho, maana ya kwanza huwa inajipendelea. Mi baada ya kurudia mara nyingi Confutatis nimempa Gardiner, ila Introitus bado namrudia Böhm, wale besi wanavyoingia kama wamebeba jeneza.