Kabla Hujaomba Tuta

Kila mtaa nilioitwa kusaidia, ombi la kwanza lilikuwa lilelile: tuwekeeni tuta. Mara nyingi mtoto alikuwa ameshagongwa, na watu wana hasira ya haki. Mimi huwajibu kwamba tuta tutalifikia, ila kwanza tukae pembeni tuitazame barabara kwa siku tatu. Kazi yangu ni kuchora barabara, na miaka yangu ya mwanzo nilichora kwa kuyatazama magari peke yake. Nilijua magari mangapi hupita kwa saa. Sikujua mzee mwenye mkongojo husubiri dakika ngapi ndipo avuke.

Tafuta daftari, chaki, futi kamba na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Pima mita 50 kando ya barabara, piga mstari mwanzo na mwisho. Gari likikanyaga mstari wa kwanza, anzisha saa. Likikanyaga wa pili, isimamishe. Sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa. Sekunde 4 na nusu ni kilomita 40. Likitumia sekunde 3.6, linakwenda 50. Yapime magari 100, wala usivae koti linalong'aa, kwa kuwa dereva akimwona mtu aliyevaa hivyo anapunguza mwendo na vipimo vyako vyote vinakosa maana.

Nang'ang'ania magari ya mtaani yasizidi kilomita 30 kwa saa, kwa sababu hii. Dereva makini huchukua kama sekunde 1 tangu aone hatari hadi mguu uguse breki. Kwenye lami kavu, gari la kilomita 30 huwa limesimama kabisa ndani ya mita 13 au 14. Gari la kilomita 50 hula karibu mita 14 kabla breki haijaguswa. Maana yake, mtoto akichomoka mita 14 mbele ya magari hayo, gari la kwanza linasimama miguuni pake na la pili linamfikia likiwa bado kwenye kasi yake yote. Hesabu hii mimi huifanya mbele ya wakazi, kwa chaki, chini barabarani, na sijaona kikao kilichobaki vilevile baada yake.

Siku ya pili acha magari, fuata miguu. Simama asubuhi watoto wanapokwenda shule, rudi mchana, rudi jioni. Chora mtaa kwa mkono, na kila mtu anayevuka mwekee nukta pale alipovukia. Jioni utaona nukta zimerundikana sehemu mbili tatu, na mara nyingi si kwenye alama za pundamilia. Usiwalaumu watu. Wanavukia panapowafaa: mbele ya geti, kituoni, kwenye kivuli. Kivuko ndicho kinachopaswa kuhamia kwao.

Siku ya tatu tafuta mwenzako. Mmoja akae mwanzo wa mtaa, mwingine mwisho, na kila mmoja aandike tarakimu tatu za mwisho za namba ya gari na saa lilipopita. Gari lililoingia na kutoka ndani ya dakika mbili halikuwa na shughuli yoyote hapo. Linakata njia tu. Wanaokata njia wakiwa wengi, dawa yenye nguvu kuliko zote ni kuufunga mtaa kwa magari katikati, kwa nguzo au vyungu vikubwa vya miti, huku miguu na baiskeli zikipita. Kila nyumba bado inafikika kwa gari kutoka upande mmoja. Barcelona walianza kufanya hivyo kwa vitalu vizima vya mtaa wa Poblenou mwaka 2016, wakakutana na upinzani mkali mwanzoni, na leo watu wamekaa kwenye meza za kudumu pale yalipokuwa makutano.

Sasa ndipo tuje kwenye upana, maana upana ndio unaomwambia dereva aende kasi gani. Kibao cha 30 kwenye barabara pana iliyonyooka kinasomwa na wachache. Tuta nalo linampunguza dereva pale pale tu, kisha anakanyaga mafuta kufidia. Barabara nyembamba inamshika mwanzo hadi mwisho.

Pima kutoka ukuta hadi ukuta, halafu gawa kuanzia pembeni kuja katikati. Hapo ndipo wengi wetu tulifundishwa kinyume: unatenga njia za magari, kinachobaki unawapa watu. Tuseme una mita 14. Wape wanaotembea mita 2.5 kila upande, ili viti viwili vya magurudumu vipishane bila mtu kushuka barabarani. Zinabaki 9. Njia mbili za magari, mita 2.75 kila moja, zinachukua 5.5. Zinabaki 3.5: mita 2 upande mmoja kwa kuegesha na kushusha mizigo, na mita 1.5 upande wa pili kwa miti, mabenchi na vyuma vya kufungia baiskeli. Maegesho yahamishie upande wa pili katikati ya mtaa, ili barabara ipinde kidogo na dereva asione mstari mmoja ulionyooka hadi mwisho.

Kama kati ya kuta hakuna hata mita 8, usilazimishe njia za miguu zisizotosha mtu mmoja. Delft, kule Uholanzi, wakazi walikuwa wamechoka na magari yaliyowapita mlangoni, na kutoka huko likaenea wazo la mtaa ambamo gari ni mgeni: hakuna njia tofauti, watoto wanacheza katikati, gari linakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Sheria ya nchi ililitambua mwaka 1976. Lakini niliwahi kutembea kwenye mtaa wa namna hiyo na bwana mmoja asiyeona, fimbo yake ikitafuta ukingo ambao sisi wachoraji tuliuondoa kwa sababu tuliuona mbaya. Alisimama. Hakujua alipo. Tangu siku hiyo siukubali mchoro usio na mstari wa mawe yenye vinundu unaofuatika kwa fimbo kutoka mwanzo hadi mwisho.

Baiskeli hazihitaji njia ya pekee kila mahali. Magari yakiwa hayazidi kama 2,000 kwa siku na yakienda 30 au chini, barabara moja inawatosha wote. Yakizidi hapo, tenga njia kwa ukingo halisi, si kwa rangi, na usiipitishe pale milango ya magari yaliyoegeshwa inapofungukia.

Kona ndizo zinazoua, na ndizo rahisi kurekebisha. Kona yenye mviringo mpana inamruhusu dereva akate bila kupunguza; ikaze. Sogeza ukingo wa njia ya miguu mbele kidogo ili anayevuka awe na hatua chache na aonekane. Kisha ondoa maegesho yote ndani ya mita 6 kutoka kivuko. Hoboken, mji mdogo wa Marekani, waliweka mkazo kwenye jambo hilo la kona, pamoja na hatua nyingine za usalama, na kuanzia 2017 walipitisha zaidi ya miaka 7 bila kifo barabarani.

Waendee wenye maduka mmoja mmoja, kabla ya kikao chochote. Hofu yao ni ya kweli: wana madeni, na wewe unakuja kugusa mlango wao. Mimi humwomba kila mmoja aandike kwenye karatasi wateja wangapi kati ya 10 hufika kwa gari, tunaikunja, tunaiweka. Kisha kwa siku mbili tunamuuliza kila anayeingia maswali mawili tu: umefikaje, na unakuja mara ngapi kwa wiki. Wengi hukadiria magari zaidi ya yalivyo. Hata kwenye barabara ya Bloor jijini Toronto, wateja waliofika kwa gari walikuwa mmoja tu kati ya 10 hivi. Anayekuja kwa miguu hununua kidogo lakini anarudi kesho na keshokutwa. Usisahau mizigo. Muulize kila mwenye duka lori lake linakuja saa ngapi, na umchoree mahali pa kushushia. Nimeona mradi mzuri ukifa kwa sababu hakuna aliyeuliza swali hilo.

Usimwage zege bado. Chora mpango mzima kwa rangi, koni na vyungu, uache mwezi mmoja. New York mwaka 2009 waliyatoa magari kwenye sehemu ya Times Square, makutano yenye shughuli nyingi, kwa majaribio, kwa mapipa ya rangi ya machungwa na viti vya kukunja vya ufukweni. Zege lilikuja baadaye. Kwenye majaribio mwite dereva wa zimamoto apite na gari lake. Asipopita, sogeza chungu. Ndiyo raha ya chungu.

Kisha subiri mvua. Kivuko cha kwanza kilichoinuliwa nilichokisimamia mwenyewe kilikuwa sentimita 10 juu ya lami, kimenyooka, kizuri, na kiliziba maji yaliyokuwa yakiteremka mtaroni. Usiku wa mvua kubwa maji yaliingia kwenye karakana ya fundi cherehani, vitambaa vya wateja vikalowa. Nilikwenda asubuhi nikafuta maji naye. Tangu hapo mtaro huchorwa kwanza, na chini ya kila kivuko kilichoinuliwa hupita bomba lenye mfuniko unaofunguka kwa mkono ili lizibuliwe.

Mwezi ukiisha, rudi na chaki ileile, siku ileile ya wiki, saa zilezile. Pima magari 100 mengine, weka nukta upya. Palipobaki na kasi, hapo sasa weka tuta. Na kabla mafundi hawajaondoka, andika ni nani anatunza funguo za zile nguzo za katikati, na funguo ya pili ipelekwe kituo cha zimamoto siku hiyohiyo.