Namna ya Kupima Otofajia katika Seli: Fuata Mkondo, Usihesabu Vifuko Pekee

Otofajia ni kazi ya seli ya kuvunja sehemu zake yenyewe na kuzitumia upya. Utando mwembamba hujikunja kuzunguka protini zilizoharibika, mitokondria chakavu au bakteria waliopenya, kisha hujifunga na kuwa kifuko chenye tando mbili kiitwacho otofagosomu. Kifuko hicho huungana na lisosomu, ambamo vimeng'enya huvunja shehena yote na kuirudishia seli asidi amino na malighafi nyingine. Aliyeipa kazi hiyo jina, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kujila mwenyewe, ni mwanasayansi Christian de Duve mwaka 1963.

Mwongozo huu ni wa mtafiti anayeanza kupima otofajia katika seli zilizokuzwa maabara, na kosa ambalo ningependa aliepuke kuliko yote ni hili: kuona otofagosomu nyingi na kutangaza papo hapo kwamba otofajia imeongezeka. Mtaro uliofurika hauonyeshi wenyewe kama mvua ni kubwa au kama umeziba huko mbele. Vifuko navyo hujaa kwa sababu seli inaviunda kwa kasi, na hujaa vilevile kwa sababu lisosomu zimeshindwa kuvimaliza. Hali hizo mbili ni kinyume kabisa cha nyingine, lakini picha moja ya hadubini haiwezi kuzitofautisha. Kinachotakiwa kupimwa ni mkondo, yaani kasi ya vifuko kuundwa, kufika kwenye lisosomu na kuvunjwa.

Njia ya kuzitofautisha ni kuziba mwisho wa mtaro kwa makusudi na kuangalia kinachojikusanya. Ndivyo alivyofanya mwanabiolojia Yoshinori Ohsumi huko Japani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1992: alichukua hamira isiyo na vimeng'enya vya kuvunjia protini, akainyima lishe, na baada ya saa chache aliona kwa hadubini ya kawaida vifuko vidogo vikijaa ndani ya vakuoli, ambayo katika hamira hufanya kazi ya lisosomu. Kwa kuwa uvunjaji ulikuwa umezuiwa, kitu ambacho kwa kawaida hupita upesi bila kuonekana kilibaki mbele ya macho yake. Kutokana na hamira hiyo kundi lake lilifikia jeni zinazoendesha otofajia, na mwaka 2016 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Katika seli za mamalia, alama inayotumiwa zaidi ni protini LC3. Umbo lake la kwanza, LC3-I, huelea katika saitoplazimu. Otofajia inapoanza, sehemu yake huunganishwa na lipidi ya utando na kuwa LC3-II, ambayo hukaa juu ya otofagosomu hadi lisosomu. Ukitenganisha protini katika jeli kwa umeme, LC3-II hukimbia mbele ya LC3-I ingawa kwa uzito halisi ni kubwa kuliko hiyo, na jambo hili huwachanganya wengi mara ya kwanza. LC3-I huonekana karibu na kilodaltoni 16 (kipimo cha uzito wa protini) na LC3-II karibu na 14.

Andaa sahani nne za seli zilezile, zilizopandwa kwa idadi sawa. Ya kwanza ibaki katika lishe kamili. Ya pili ibaki katika lishe kamili lakini iongezwe bafilomaisini A1, kemikali inayozuia lisosomu kuwa na asidi. Ya tatu inyimwe asidi amino na seramu (majimaji ya damu yanayoongezwa kwenye lishe ya seli) kwa saa 2. Ya nne inyimwe hivyohivyo pamoja na bafilomaisini. Bafilomaisini ya nanomola 100 kwa saa 2 hadi 4 hutosha katika seli nyingi, lakini jaribu vipimo kadhaa kwanza hadi uone kwamba kuongeza kemikali hakuongezi tena LC3-II. Sahani zisizopewa bafilomaisini zipewe kiasi kilekile cha kiyeyushi chake, la sivyo hutajua ni kipi kati ya viwili kilichofanya kazi.

Sasa soma jeli. Katika sahani ya tatu, LC3-II inaweza kuonekana hafifu hata kuliko ya kwanza, na mgeni akadhani njaa haikuamsha chochote. Tazama ya nne: ukanda wa LC3-II umekuwa mnene, kwa sababu vifuko vilivyokuwa vikivunjwa upesi sasa vimekwama. Tofauti kati ya ya nne na ya tatu ndiyo mkondo wakati wa njaa, nayo tofauti kati ya ya pili na ya kwanza ndiyo mkondo wa kawaida. Ukiwa unapima dawa badala ya njaa, na ukaona dawa peke yake inapandisha LC3-II ilhali bafilomaisini haiongezi chochote juu yake, shuku kwamba dawa hiyo inaziba njia wala haiiamshi.

Linganisha LC3-II na protini isiyobadilika kama aktini. Uwiano wa LC3-II kwa LC3-I siupendekezi, kwa kuwa LC3-I huharibika sampuli zinapogandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara, na kingamwili nyingi zinazotumiwa kuionyesha LC3 haziyatambui maumbo hayo mawili kwa nguvu sawa. Thibitisha pia kwa p62, protini inayobeba shehena na kuvunjwa pamoja nayo: mkondo ukienda vizuri kwa kawaida hupungua. Isitumike peke yake, kwani seli yenye msongo wa oksidisho (inayoshambuliwa na molekuli kali za oksijeni) huitengeneza kwa wingi.

Kwa hadubini, tumia LC3 iliyounganishwa na protini mbili zinazong'aa, nyekundu na kijani. Ya kijani huzimika kwenye asidi, ilhali nyekundu huendelea kung'aa. Nukta ya njano, yaani rangi zote mbili pamoja, ni kifuko ambacho hakijafika kwenye asidi. Nukta nyekundu tupu imefika. Hatimaye, rudia jaribio katika seli zilizoondolewa ATG5 au ATG7, jeni zinazohitajika ili otofagosomu ziundwe kwa kawaida. Matokeo yakibaki vilevile, unachokiona huenda si otofajia.

Uangalifu huu una uzito mkubwa katika utafiti wa magonjwa. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba panya walioondolewa Atg5 au Atg7 katika ubongo hukusanya protini kwenye neva na neva hizo hufa, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba kila ugonjwa wa ubongo utafaidika na dawa ya kuamsha otofajia. Lakini katika ubongo wenye Alzheimer, otofagosomu na vifuko vya aina hiyo hurundikana katika matawi ya neva yaliyovimba, na ushahidi mwingi unaelekeza kwenye lisosomu zisizomaliza kazi. Kuunda vifuko zaidi mahali pasipo pa kuvimalizia kunaweza kuzidisha mrundikano. Ukifanya kazi na seli za aina hiyo, pima kwanza asidi ya lisosomu kwa rangi maalumu, na uangalie kama katepsini D, kimeng'enya cha lisosomu, kinakatwa hadi umbo lake lililokomaa, ndipo ujaribu dawa yoyote ya kuamsha.