Kliniki ya ngozi wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza: nani aje, nani apigiwe simu

Kazi huanza jioni ya kuamkia kliniki. Muuguzi na daktari wapitie mafaili ya kesho, wawagawe wagonjwa mafungu.

Waje bila mjadala: aliyemeza dawa mpya, hasa kotrimoksazoli, nevirapini au kabamazepini, kisha ngozi ikaanza kubambuka na mdomo kutoka malengelenge, mgonjwa wa ukoma ambaye mkono au mguu umeanza kulegea, na mwenye ualbino aliye na kidonda kisichopona. Huyu wa mwisho ndiye anayesahaulika, maana faili lake limeandikwa "marudio" tu, kumbe huenda ni saratani. Pumu ya ngozi, chunusi na soriasisi (ugonjwa wa mabaka yenye magamba) iliyotulia wapigiwe simu. Chunjua zingoje.

Wa simu watume picha tatu zilizopigwa mchana karibu na dirisha, bila flashi. Ya kwanza ionyeshe kiungo kizima. Ya pili ipigwe kama sentimita 20 kutoka kwenye ngozi, pembeni pakiwa na rula au sarafu. Ya tatu kutoka ubavuni, ili ijulikane kama kipele kimeinuka. WhatsApp hubana picha hadi vipele vidogo vinapotea, kwa hiyo zitumwe kama dokumenti, kwenye simu ya idara, si ya daktari. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huweza kuonekana zambarau au kijivu, hivyo uliza pia kama panauma na kama pana joto.

Dawa kwa simu ndiyo sehemu ya kuogopa. Methotreksati, dawa ya soriasisi kali, ni mara moja kwa wiki, lakini "vidonge vinne" husikika upesi kama vya kila siku, na kosa hilo huua. Taja siku, "Jumatatu tu", mgonjwa airudie kwa maneno yake, na dirisha la dawa liiandike kwenye pakiti. Akipata homa, asiimeze kabla ya kupiga simu. Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ni kinyume: aliyeitumia zaidi ya wiki tatu asiikatishe ghafla hata akiugua, kwani mwili umeacha kutengeneza homoni yake na presha inaweza kuporomoka. Haidroksiklorokwini iwekewe akiba yenye majina ya wagonjwa wa lupasi, ambao kinga yao hushambulia mwili wenyewe; mwaka 2020 iligombewa kwa ajili ya UVIKO-19, wao wakaikosa.

Chumbani, madirisha wazi. Uso na mdomo vichunguzwe mwisho, barakoa ikishushwa kwa muda mfupi tu.

Kitakasa mikono cha lita 10 kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani (WHO): ethanoli 96% ml 8,333, haidrojeni peroksaidi 3% ml 417, gliseroli 98% ml 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi kujaza. Kikae saa 72 kabla ya kutumika. Bei ikipanda, gliseroli, inayolainisha ngozi, ndiyo hurukwa kwanza, na ni kosa. Mikono hupasuka, na baada ya siku chache wahudumu wanaikwepa chupa.