Jinsi ya kumwonyesha mtu kwamba bara linatembea, na wewe uko hapa hapa Malindi

Watu wengi huku kwetu wakisikia mabara yanasogea wanadhani hayo ni mambo ya bara huko, Bonde la Ufa na volkano, sisi wa pwani tumekaa tu na bahari yetu. Si kweli hata kidogo. Pwani hii yote, kuanzia Kiunga ushuke Lamu, Malindi mpaka Mombasa, ni ukingo wa mpasuko, yaani hapa ndo bara kubwa la zamani lilipasuka na Madagaska ikaondoka ikenda zake. Kwa hio kama una mtoto anasoma, ama wewe mwenyewe una hamu, vifaa viko hapa hapa na pesa nyingi haitaki. Ntaeleza vile mimi huwafanyia watoto wa mtaani, fuata ama badilisha upendavyo.

Tafuta fotokopi mbili tatu za ramani ya dunia, manila, mkasi, gundi, kalamu za rangi, na simu yenye bando. Madawati mawili au meza mbili utazihitaji baadaye.

Anza na mkasi. Ukienda saiba printi ramani inayoonyesha kina cha bahari, ile yenye samawati hafifu karibu na ufuo halafu inakolea kule mbali, na ukate kwa kufuata pale rangi inapobadilika, usikate kwa kufuata ufuo. Hapa ndo wengi wanaharibu. Ufuo si mwisho wa bara jamani, bara linaendelea chini ya maji mpaka pale sakafu inapoporomoka kwenda kilindini. Wataalamu wa Cambridge walipolinganisha Afrika na Amerika Kusini kwa kompyuta mwaka 1965 walitumia mstari wa kina cha kama mita 900, na vipande vikakaa pamoja mapengo yakiwa madogo sana.

Hapo mtoto akishaona Brazil imeingia vizuri pale kwenye kwapa la Afrika, mwambie habari za Alfred Wegener, Mjerumani, kazi yake ilikuwa hali ya hewa, akasimama mbele ya wanajiolojia Frankfurt Januari 1912 akawaambia mabara yalikuwa kitu kimoja yakaachana, na 1915 akatoa kitabu. Hakutegemea umbo la ramani peke yake. Kuna Mesosaurus, mnyama mdogo wa majini wa kundi la reptilia, umbo kama la mjusi, visukuku vyake, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, vinapatikana kusini mwa Afrika na upande wa pili Amerika Kusini, na hawezi kuwa alivuka Atlantiki nzima kwa kuogelea. Kuna mmea Glossopteris, majani yake yako Afrika, India, Australia, Amerika Kusini mpaka Antaktika kwenye barafu. Mwambie mtoto achore yule mnyama na lile jani kwenye vipande vyake kabla hujavigundisha, akiviunganisha michoro inakutana yenyewe, na amini nakwambia hapo hana haja ya kukaririshwa tena.

Sasa kipande kinachotuhusu sisi, Madagaska. Mpe mtoto akirudishe mahali pake bila kumsaidia. Karibu kila mtu atakisukuma moja kwa moja magharibi akibandike Msumbiji kwa sababu ndo karibu na panaonekana panafaa. Muache abandike, halafu umuulize una ushahidi gani? Hata wanajiolojia walibishana hapo miaka mingi, wengine wakisema Msumbiji, wengine wakisema juu zaidi, mpaka ilipofika miaka ya 1980 vipimo vya sumaku kwenye sakafu ya bahari mbele ya Somalia na Kenya vikamaliza ubishi. Ile sakafu ilifunguka kaskazini kwenda kusini. Kwa hio kipande unakipandisha juu zaidi ya kilomita elfu moja, ubavu wake wa magharibi unakuja kulala kwetu, Somalia, Kenya na kaskazini ya Tanzania. Kulikuwa na mpasuko mrefu chini ya bahari, leo unaitwa Davie, Madagaska iliteleza kufuata huo mpasuko kuanzia miaka kama milioni 165 iliyopita na ikasimama pale ilipo miaka kama milioni 120 iliyopita.

Na mgongoni kwake Madagaska ilikuwa imebeba India. Hizo mbili ziliachana miaka kama milioni 88 iliyopita, India ikakimbia kaskazini ikaigonga Asia kama miaka milioni 50 iliyopita na milima ya Himalaya ikainuka, inainuka mpaka leo. Shelisheli, vile visiwa vya mawe ya granaiti, ni makombo ya bara yaliyobaki njiani. Mimi napenda sana watoto wakifika hapa, maana ile bahari ambayo majahazi ya Lamu yalikuwa yakivuka na kaskazi kuja na kusi kurudi, bahari yote hio haikuwepo, ulikuwa unaweza kutoka hapa ukaenda India kwa miguu, ila tu hakukuwa na binadamu wa kwenda.

Ukimaliza karatasi nenda kwenye mawe. Hii ndo sehemu nzuri zaidi na ndo inaachwa na shule nyingi. Yale mawe bapa ya Mazeras ambayo watu wanaweka uani na kwenye njia za hoteli, yanachimbwa kule Mazeras na Mariakani, ni mchanga wa mito na maziwa ya kabla bara halijapasuka, zaidi ya miaka milioni 200. Chukua kipande kimoja ukimwagie maji kidogo, kiinamishe kwenye jua la asubuhi ama la jioni likipiga kwa upande, ukibahatika utaona viwimbi vidogo vidogo vimeganda juu yake, vile vile mkono ukipitisha unavihisi. Hayo ni maji ya siku moja yaliyopita juu ya mchanga, wakati huo bahari haipo hapa na Madagaska iko jirani. Kwa fundi wa mawe omba vile vilivyovunjika pembe, mara nyingi anakupa bure.

Sasa ukitoka Mazeras ukaingia njia ya Kaloleni, huko Kambe kuna mawe ya chokaa ya kijivu, magumu, na ndani yake kuna viumbe vya baharini. Hayo yana miaka kama milioni 170. Mawe ya mtoni kwanza, kisha yanafuata mawe ya bahari, maana yake nini? Maana yake baina ya hayo mawili ardhi ilichanika ikadidimia na bahari ikaingia kwa mara ya kwanza. Huo ndo mpasuko wenyewe, unaweza kuutembelea kwa matatu ukarudi siku hio hio. Tahadhari tu, Kambe kuna kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, usiingie msituni wala usichukue jiwe huko bila idhini ya wazee wa kaya, mawe ya kando ya barabara yanatosha.

Ukirudi huku Malindi ama Watamu subiri maji yakipwa, hasa siku za bamvua, utembee kwenye yale majabali ya matumbawe yaliyoliwa chini. Utaona makombe na matumbawe mazima yameshikana ndani ya jiwe, na ni hayo hayo mawe nyumba za zamani za Lamu na Gede zimejengwa nayo. Lakini usimwambie mtoto haya ni ushahidi wa bara kutembea, maana si ushahidi. Matumbawe haya yana miaka kama 125,000 tu, yalikua wakati bahari iko juu kuliko sasa, bahari iliposhuka yakabaki nchi kavu. Ni kisa kingine. Vile vile Marafa kule Nyari, kwenye yale makorongo, wanaopeleka wageni wengine wanasema ni Bonde la Ufa linaanza, hapana, ile ni mvua na upepo vimekula mchanga laini. Ukichanganya mambo haya mtoto akikua akigundua hatakuamini hata kwa yale ya kweli.

Bas, litakuja swali, nini kinasukuma? Swali hilo ndo lilimshinda Wegener, alidhani mabara yanalima sakafu ya bahari yakipita juu yake, na wakubwa wa fizikia wakamkatalia na hapo walikuwa na haki, haiwezekani. Alifariki Greenland Novemba 1930 hajakubaliwa. Usimwambie mtoto kwamba chini yetu kuna bahari ya lava na mabara yanaelea, kosa hili limeenea sana. Chini ya mabamba, yaani vile vipande vikubwa vya ganda la dunia vilivyobeba mabara na bahari, ni mwamba mgumu, lakini ni wa moto sana na ukipewa muda mrefu unatambaa. Ushaona pipa la lami wanaloacha watu wa barabara, ukiipiga nyundo asubuhi na baridi inavunjika, ukiliacha pipa limelala wiki kwenye jua lami inatoka yenyewe taratibu, na mwamba wa chini ni hivyo hivyo ila kwa mamilioni ya miaka. Arthur Holmes, Mwingereza ambaye ujanani alifanya kazi ya jiolojia Msumbiji, ndo alieleza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba joto linaufanya mwamba huo uzunguke, unapanda kwengine na kushuka kwengine. Leo tunajua pia kwamba nguvu kubwa inatoka pale bamba la bahari lililozeeka na kupoa linapozama chini ya jingine, linavuta sehemu iliyobaki.

Hapo ndo madawati. Yasogeze pamoja uache ufa mwembamba katikati, chukua karatasi mbili ndefu zipitishe kutoka chini zitokee kwenye ufa, moja ivutwe kushoto moja kulia, na mtoto wa tatu awe anapaka rangi pale pale zinapotokea, nyekundu, halafu useme "geuza" apake nyeusi, halafu nyekundu tena. Mkimaliza utaona mistari pande zote mbili inafanana kama pacha. Sakafu ya bahari iko hivyo. Lava ikitoka katikati ikipoa inashika mwelekeo wa sumaku ya dunia wa wakati ule, na sumaku ya dunia hupinduka kila baada ya muda, mara ya mwisho ilikuwa miaka kama 780,000 iliyopita. Na walipoisoma hio mistari ni bahari yetu wenyewe! Drummond Matthews alikuwa kwenye meli HMS Owen mwaka 1962 ikipima juu ya mgongo wa Carlsberg, safu ya milima chini ya Bahari ya Hindi huko kaskazini mashariki mbele ya Lamu, akarudi na data na pamoja na mwanafunzi wake Fred Vine wakachapisha 1963. Mwaka uliotangulia Mmarekani Harry Hess alikuwa ameshasema sakafu ya bahari inazaliwa kwenye migongo hio, sasa mistari ikampa haki. Ndo maana sakafu ya bahari iliyo wazi haina mahali penye umri wa kupita sana miaka milioni 200 wakati mabara yana mawe ya miaka bilioni nne.

Baada ya hapo toa simu. GPS ya simu hukosea mita kadhaa kwa hio usijaribu kupima nayo, lakini hapa Malindi, kwenye kituo cha anga cha Waitaliano upande wa Ngomeni, kuna antena ya GPS ya kupimia ardhi. Gugo Nevada Geodetic Laboratory halafu tafuta kituo MAL2, utapata grafu, vidoti vinapanda mwaka hadi mwaka. Malindi inakwenda kaskazini mashariki karibu sentimita 3 kwa mwaka. Mpe mtoto hesabu: Vasco da Gama alitia nanga hapa 1498, je, tangu siku ile Malindi imesogea kiasi gani? Inatoka kama mita 15. Mpeleke pale kwenye nguzo ya Vasco da Gama apime mita 15 kwa kamba aone kwa macho yake.

Watakuuliza pia Afrika itagawanyika lini. Sisi tuko bamba la Somalia, watu wa Kisumu wako bamba dogo la Victoria lililo kati yetu na bamba kubwa la Nubia, na huku Kenya yanaachana kwa milimita chache tu kwa mwaka. Ule ufa wa Mai Mahiu wa Machi 2018 uliokata barabara ya Narok na ukasambaa kwenye simu za watu kwamba bara limepasuka, wanajiolojia wengi waliona ni maji ya mvua yameosha jivu la volkano lililojaa kwenye ufa wa zamani. Mfano wa kweli ni Ethiopia, jimbo la Afar, Septemba 2005, ardhi ilifunguka urefu wa kilomita kama 60 na pengine upana ulifika mita 8 kwa siku chache tu.

La mwisho ni matetemeko, na hili wafanye hata watu wazima. Ingia tovuti ya USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, chagua matetemeko ya nguvu 5 kwenda juu kwa miaka kumi, yatie vidoti kwenye ramani yako. Vidoti vitachora mabamba vyenyewe. Utaona kwetu ni patupu karibu, lakini ng'ambo pale Sumatra pamejaa, na bahari inayotutenganisha haina ukuta. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la 9.1 lilipiga pale yapata saa kumi alfajiri kwa saa zetu na mchana wake mawimbi ya tsunami yakafika huku. Kenya alikufa mtu mmoja kwa sababu habari ilitangulia na watu wakaondolewa ufuoni, Somalia walikufa karibu 300. Kwa hio mfundishe mtoto: akiona bahari inarudi nyuma ghafla na si wakati wa kupwa, samaki wamebaki wanarukaruka mchangani, asiende kuokota, akimbie mbali na ufuo apande juu, awaite na wengine, na akae huko masaa mengi kwa sababu wimbi la kwanza mara nyingi silo kubwa.